Biashara Tanga, mfanyakazi Mombasa: mshahara, kodi na sheria za kazi unapoajiri nje ya nchi

Barua ilivuka mpaka wa Horohoro mikononi mwa dereva wa Fuso, imekunjwa mara nne katikati ya daftari la matenga. Wakili wa Mombasa kaiandika kwa Kiingereza, na mzee mwenye machungwa, mteja wangu wa Muheza, akaja nayo ofisini kwangu Ngamiani, Tanga, nimsomee. Kijana aliyekuwa akimpokelea mizigo soko la Kongowea kwa miaka miwili anadai likizo ambazo hakuwahi kupewa, posho ya nyumba, saa za ziada za usiku akisubiri gari, michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, notisi ya mwezi mmoja, na gharama za mkono aliouvunja akishusha tenga.

"Lakini huyu mpwa wangu, binti," mzee akasema. "Kila Ijumaa hela yake anaipata. Mkataba nimemwandikia wapi mimi?"

Nikamwambia mkataba upo, wenyewe ndio huo wa kila Ijumaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inautambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Tena inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na mwenye jukumu la kuandika ni mwajiri. Karatasi ikikosekana, siku ya ubishi mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Mimi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo, na kwa mji huu uliokaa jirani na mpaka, kesi za namna hii sizikosi. Wadigo wako Tanga na wako Kwale, ndoa zinavuka, machungwa yanavuka, na watu huajiriana kama wanaotumana dukani. Nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuajiri mtu Kenya, kwa sababu ndiko wateja wangu wengi wanakoajiri, na mwisho nitagusa Uganda na Dubai.

Hatua ya kwanza: angalia miguu ya mfanyakazi ilipo

Swali la kwanza ninaloulizwa ni, "Kampuni imesajiliwa BRELA, kodi nalipa TRA, sasa Kenya wananihusu nini?" Wanakuhusu kwa sababu mtu wako anafanyia kazi kwao. Kodi ya mshahara, michango ya hifadhi ya jamii, saa za kazi, likizo na namna ya kuachana, vyote hufuata mahali kazi inapofanyika. Ofisi yako ikiwa Barabara ya 12 na mtu wako anashinda Kongowea, kwenye suala la ajira yake uko Kongowea.

Upande wa pili wa jambo hilo ni nafuu. Mkenya anayeishi na kufanya kazi Mombasa humkati kodi ya mshahara ya TRA, wala humwandikishi NSSF ya huku. Nimewahi kuletewa fomu za NSSF ya Tanzania zimejazwa jina la mtu wa Likoni, na aliyezijaza alikuwa na nia njema kabisa. Majina ya mifuko hii yanafanana, mifuko ni miwili. Yetu inataka asilimia 10 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri. Ya Kenya inataka 6 kwa 6, na ina kikomo cha mshahara unaohesabiwa.

Usitegemee mkataba wa kuzuia kodi mara mbili kati ya nchi hizi. Nchi za Afrika Mashariki zilitia saini mmoja mwaka 2010, ila haujaanza kutumika. Tanzania ina mikataba ya aina hiyo na nchi chache kama Zambia, Afrika Kusini na India. Na Kenya hatuna unaofanya kazi.

Ukitaka kumpeleka Mtanzania wako akakae Mombasa, hilo ni jambo lingine: atahitaji kibali cha kazi cha Kenya. Kadhalika Mkenya ukimleta Muheza msimu mzima asimamie uchumaji, unaingia kwenye Sheria yetu ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Undugu hausomeki kwenye dirisha la uhamiaji.

(Na kwa wale wenye watu Pemba: Zanzibar si nje ya nchi, lakini kazi na ajira si jambo la Muungano. Wao wana Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005 na mfuko wao wa ZSSF. Kodi ya mapato ndiyo ya pamoja. Mtu wako akiwa Wete, mkataba wa huku usiupeleke hivyo hivyo.)

Hatua ya pili: ni mfanyakazi wako, au ni mtu wa kazi zake?

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Wanaandika juu ya karatasi "mkandarasi binafsi" au "wakala", wakidhani kichwa cha habari kimemaliza shughuli. Mahakama haisomi kichwa cha habari, inatazama mnavyoishi.

Chukua dalali wa Kongowea. Leo anauza machungwa yako, kesho nanasi za mwingine, anachukua kamisheni yake kwa tenga, akiumwa anamweka mwenzake, na hakuombi ruhusa ya kwenda harusini. Huyo ni mtu wa kazi zake, na kusema kweli kwa wafanyabiashara wengi wa Muheza ndiye anayefaa. Usione haya kubaki na dalali.

Sasa mtazame kijana wa mzee wangu. Anaingia saa anayoambiwa, anauza kwa bei anayopewa kwa simu, mizani ni ya mzee, daftari ni la mzee, hana mteja mwingine, na Ijumaa analipwa kiasi kile kile machungwa yauzike au yaoze. Huyo ni mfanyakazi, ungemwita jina lolote. Hata angeanza kama deiwaka, sheria ya Kenya inasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazofikia mwezi, anahesabiwa kuwa na ajira ya kawaida, pamoja na haki za notisi na likizo.

Kama ni mkandarasi wa kweli, kwa mfano mtaalamu wa Nairobi anayekutengenezea tovuti, kodi yake ya Kenya anajilipia mwenyewe. Wewe huku una kazi moja: malipo ya huduma kwa asiye mkazi wa Tanzania yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, unaipeleka TRA na kumpa cheti cha makato. Mwambie mapema, kabla hamjapatana bei. Wengi wakisikia 15 baada ya kazi kwisha wanadhani umewaibia.

Hatua ya tatu: jina la nani litaandikwa kwenye nafasi ya mwajiri?

Ukishajua ni mfanyakazi, lazima awepo mwajiri anayeonekana na mifumo ya Kenya: mwenye PIN, namba ya mlipakodi, ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, aliyesajiliwa NSSF na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kusajili tawi la kampuni yako ya Tanzania. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inataka kampuni ya nje iwe na mwakilishi anayeishi Kenya. Ya pili ni kufungua kampuni mpya ya Kenya. Ya tatu ni kupitia kampuni inayoajiri kwa niaba ya wengine: mfanyakazi anakuwa wao kwenye makaratasi, anakufanyia kazi wewe, na wewe unalipa mshahara, makato na ada yao ya kila mwezi. Kwa mtu mmoja au wawili hesabu yake huwa inakubali. Wakizidi hapo, ada hiyo inaanza kuuma.

Kabla hujachagua, pima jambo ambalo halihusu mshahara kabisa: kodi ya faida. Ukiwa na kibanda cha kudumu Kongowea, au mtu anayefunga mikataba ya mauzo kwa jina lako mara kwa mara, Kenya inaweza kusema una makao ya biashara pale, na faida inayotokana na pale itozwe kodi kwao. Kiwango ni asilimia 30, na tangu Januari 2024 tawi linatozwa pia asilimia 15 kwa faida inayorudishwa nyumbani. Kampuni ya kuajiri kwa niaba haikuondolei hatari hii, maana inatatua suala la mshahara tu. Na kwa kuwa mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato ya dunia nzima, faida hiyo hiyo utaitaja TRA pia, kisha uombe upunguziwe kwa kodi uliyolipa Kenya. Bila risiti za KRA huna cha kuomba.

Mzee alikuwa na kampuni ndogo na kibanda cha kupanga, akaamua kusajili tawi. Nilimshauri hivyo kwa sababu kibanda tayari kilikuwa kimemweka wazi.

Hatua ya nne: hesabu ya mshahara, na mtego wa "mkononi"

Ili arudi kazini, kijana alitaka shilingi elfu arobaini za Kenya kwa mwezi. Neno lililotuchelewesha siku mbili ni "mkononi". Yeye alimaanisha arobaini baada ya makato, mzee alielewa arobaini kabla. Tuipige hesabu ya mshahara ghafi wa 40,000 kwanza: msingi 34,000, posho ya nyumba 6,000.

Posho ya nyumba si hisani. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au fedha ya kutosha kulipia pango, na maagizo ya kima cha chini huihesabu kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa kumbukumbu, agizo lililoanza Novemba 2024 lilimweka kibarua wa kawaida wa Mombasa kwenye shilingi 16,113.75 kabla ya posho hiyo.

Makato ya mfanyakazi yanakwenda hivi:

NSSF, asilimia 6: 2,400
SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75: 1,100
Tozo ya nyumba, ya serikali kujenga makazi nafuu, asilimia 1.5: 600

Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya matatu hutolewa kwanza, ndipo kodi inapohesabiwa. Kwa hiyo kinachotozwa ni 35,900. Kodi ya mshahara, ile PAYE, inapanda kwa ngazi. Elfu 24 za mwanzo hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Zinazofuata 8,333 hutozwa asilimia 25, ambayo ni 2,083.25. Zilizobaki hapa, 3,567, zinaangukia asilimia 30, nayo ni 1,070.10. Jumla 5,553.35. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, kodi inabaki 3,153.35.

Kijana anapokea 32,746.65.

Mzee naye hakutoa 40,000 tu. Anaongeza NSSF yake 2,400, tozo ya nyumba upande wa mwajiri 600, na shilingi 50 za mafunzo ya viwandani zinazokwenda NITA. Inakuwa 43,050, na bado bima ya ajali.

Sasa turudi kwenye "mkononi". Ili kijana apokee 40,000 kamili, mshahara ghafi lazima uwe kama 51,545, na kwa mwajiri unatoka kama 55,461. Tofauti ya neno moja, zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili za Kenya kila mwezi. Walipatana kwenye 40,000 ghafi baada ya mimi kuwaandikia hesabu zote mbili kwenye karatasi moja na kuwatumia kwa simu. Usipatane mshahara bila kuweka karatasi hiyo mezani.

Mwenye mtu wa mshahara mkubwa azingatie kwamba ngazi za kodi zinaendelea hadi asilimia 35 kwa kinachozidi 800,000 kwa mwezi, na kwamba kikomo cha NSSF kimekuwa kikisogezwa kila Februari. Mwaka 2025 kilikuwa 72,000. SHIF yenyewe haina kikomo cha juu, ila haiwezi kushuka chini ya 300.

Hatua ya tano: mkataba wenyewe

Neno hatari kuliko yote kwenye mkataba wa kuvuka mpaka ni "shilingi". Za nani? Nimeona mkataba umeandikwa "Sh. 30,000 kwa wiki", upande mmoja unasema za Kenya, upande mwingine za Tanzania. Andika "shilingi za Kenya" kila zinapotajwa. Sheria yao yenyewe inataka mshahara ulipwe kwa fedha ya Kenya.

Andika jina na anwani za pande zote, kazi anayofanya, mahali, tarehe ya kuanza, mshahara na vipengele vyake, siku ya malipo, saa, likizo, ugonjwa na notisi. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa makubaliano mradi chote kisipite mwaka. Ndani yake notisi ni siku saba.

Usinakili mkataba wa Tanzania ukabadilisha majina. Tofauti ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Huku wiki ya kazi ni saa 45. Agizo la jumla la mishahara la Kenya linaruhusu 52 kwa siku sita. Huku baba aliyepata mtoto anapewa siku tatu, Kenya ni wiki mbili. Mama huku siku 84, kule miezi mitatu. Ugonjwa ndio uliotupanua macho: sheria yetu inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu zake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, wakati Kenya kiwango cha chini ni siku saba kamili na saba nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi.

Likizo ya mwaka ina mtego wake. Mtu husema, "Tanzania 28, Kenya 21, basi sisi tunatoa zaidi." Zetu 28 ni siku za mfululizo kwenye kalenda, Jumapili zimo. Zao 21 ni siku za kazi. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, 21 za kazi ni zaidi ya wiki nne, kwa hiyo amewazidi wenye 28.

Saa za ziada zilikuwa ndizo kidonda cha kesi ya mzee, kwa kuwa lori huondoka Muheza jioni na kufika soko likiwa limelala. Hulipwa mara moja na nusu siku ya kawaida, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa 225: 34,000 kwa 225 ni shilingi 151.11, mara moja na nusu ni 226.67. Usiku mmoja wenye saa nne za ziada ni 906.67. Zidisha kwa magari matatu ya wiki, kwa miaka miwili, utaelewa kwa nini mzee alikaa kimya muda mrefu akitazama dirishani. Siku hizi kijana anaingia mchana siku za gari, na saa za ziada zimebaki chache.

Sikukuu ni za kule. Nane Nane wewe umefunga, Kongowea wanauza. Tarehe 1 Juni ni Madaraka na tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa, wewe uko kazini na unampigia kelele hapokei simu. Chapa kalenda ya Kenya uibandike ukutani.

Bima ya ajali kazini usiiweke mwisho. Kwetu mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na mfuko ndio unaolipa. Kenya, chini ya sheria ya majeraha kazini ya mwaka 2007, mwajiri hutakiwa kukata bima mwenyewe kwenye kampuni ya bima. Usipokata, mkono ukivunjika unalipa mfukoni. Mzee alilipa mfukoni.

Hatua ya sita: tarehe 9

PAYE, NSSF, SHIF na tozo ya nyumba za mwezi huu zote ziwe zimeingia kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mimi hujiwekea tarehe 5, kwa sababu tarehe 8 mifumo ya malipo huwa mizito kama barabara ya Segera siku ya Idi.

Hapa nina kosa langu la kuungama. Mwezi wa pili wa tawi la mzee nililipa kodi kwa wakati na nikasahau kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA. Faini ya kuchelewesha ritani ya PAYE ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, iliyo kubwa. Kodi yenyewe ilikuwa 3,153. Nililipa ile elfu kumi mwenyewe, sikumwambia mzee amsaidie mhasibu wake kubeba uzembe. Kulipa ni kimoja, kuwasilisha ni kingine, na mwezi usio na mshahara pia una ritani yake.

Kila mwezi mfanyakazi apewe hati ya mshahara inayoonyesha ghafi, kila kato na kilichobaki. Ni takwa la sheria, na picha ya hati kwenye simu inamaliza maneno mengi. Wewe bakiza nakala, pamoja na risiti za KRA na kumbukumbu ya kiwango cha kubadilishia fedha siku ya malipo, maana vitabu vyako vya TRA viko kwa shilingi ya Tanzania. Mkaguzi akiona gharama ya mshahara wa mtu wa Kongowea bila mkataba wala hati, ataiondoa kwenye gharama zako, na kodi ya faida inapanda. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wafanyabiashara.

Hatua ya saba: fedha ifike kwa mwenyewe

Mshahara ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe. Kumpa dereva bahasha "amfikishie" ni kuacha ushahidi barabarani. Benki au simu zinafaa, na yupi anabeba ada ya kutuma iandikwe kwenye mkataba. Ikiwa una tawi, fungua akaunti ya Kenya na ulipe kutoka humo. Mauzo ya Kongowea yanaingia pale pale, nawe unapunguza mara za kubadilisha fedha.

Ukimkopesha, makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake. Na hasara ya tenga zilizooza usimkate kimya kimya.

Hatua ya nane: kuachana

Tanga tuna tabia ya kumwacha mtu kwa kutopokea simu zake. Kenya itakugharimu. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Na notisi peke yake haitoshi: lazima uwe na sababu halali, umweleze kwa lugha anayoielewa, umsikilize akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama kama atapenda. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikiona umemwachisha isivyo haki, inaweza kuamuru umlipe hadi mishahara ya miezi 12.

Kazi ikiisha kwa sababu biashara imepungua, unamjulisha yeye na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na unamlipa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokutumikia. Kiinua mgongo chetu cha huku ni siku saba kwa mwaka, hadi miaka kumi, kwa hiyo usipeleke hesabu ya huku. Na ukiwa umemwandikisha NSSF, malipo ya utumishi ambayo angeweza kudai kwa miaka aliyofanya hayakuhusu tena. Ile 2,400 ya kila mwezi inakukinga pia.

Wenye watu mbali zaidi

Uganda ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. NSSF yao ni asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, tarehe ya mwisho ni 15. Mpangilio wa kazi ni ule ule, badilisha namba.

Dubai ni habari tofauti. Hakuna kodi ya mshahara, na hapo watu hufurahi mapema. Lakini anayeishi kule kwa viza ya mwajiri mmoja hawezi tu kuanza kukufanyia kazi wewe wa Tanga, lazima kuwe na leseni na kibali. Akiajiriwa kihalali ana likizo ya siku 30 kwa mwaka, na akimaliza mwaka au zaidi ana kiinua mgongo: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika mitano ya mwanzo, 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Fedha hiyo itenge kila mwezi, usingoje aage.

Kesi ya mzee haikufika mahakamani. Walikaa Lunga Lunga kwa shemeji yao, mimi na wakili tukiwa na karatasi, wao na kahawa. Madeni ya nyuma yakagawanywa kwa miezi minane na kijana akarudi kibandani kwa mkataba wa kurasa nne. Mwisho wa mwezi nikamtumia hati yake ya kwanza. Haikupita dakika tano akapiga.

"Dada, hii mia sita ya nyumba wanakata ya nini, na mimi nyumba ninayo Likoni?"

Nikamwambia mjomba wake naye kalipishwa mia sita hiyo hiyo, na yeye nyumba anayo Muheza.